Picha Isiyo na Mtu

Jamhuri Estate
3 Julai 2006

Ishita,

Barua hii nimeileta mwenyewe na kuisukuma chini ya mlango wa studio, kwa sababu simu zako sizipokei na sitazipokea.

Nikukumbushe mambo, usije ukasema umesahau. Mahira alipambwa Jumamosi, Machi 25, katika ukumbi wa Parklands. Wanawake peke yao, mabuibui yamevuliwa, nywele ziko wazi. Simu zote zilichukuliwa mlangoni, hata ya mama wa bwana harusi. Kamera iliyoingia ni moja tu, nayo ni yangu. Jumatatu nikakuletea filamu sita hapo Biashara Street, na tukafanya kama tunavyofanya miaka tisa sasa. Ulimtoa nje Wahome, kijana wako wa kazi, akanywe chai, ukafunga chumba cha mashine, ukasafisha picha wewe mwenyewe nami nimesimama nyuma yako. Zilizoharibika tukazikata kwa mkasi. Negativu nikaondoka nazo mkobani. Albamu moja nikamkabidhi mama yake.

Sasa niambie picha ya Mahira akicheka, nywele zimemwagika mabegani na mikono imejaa hina, ilifikaje kwenye blogu ya kaka yako Nayan, anayetengeneza kompyuta hapo juu ya studio yako. Nimeiona kwa macho yangu katika saiba ya intaneti ya Moi Avenue. Chini yake ameandika: "Furaha ina sura. Hii hapa." Shemeji yake Mahira ameichapisha, akampelekea mume wa Mahira, Abdulrauf, mezani. Kidogo tu Mahira arudishwe kwao.

Harusi tatu nilizokuwa nimeitwa zimefutwa. Bi Zuwena, mama yake Mahira, amesema mbele ya wanawake msikitini kwamba Mabruka anauza nywele za watoto wa watu. Mimi sina duka, Ishita, wala mume wa kunilisha. Nina jina langu tu, na watu walinifungulia milango yao kwa hilo jina.

Mnajua mlichonifanyia, wewe na kaka yako. Na mimi najua kungoja.

Mabruka Shamsudin

*

Biashara Street
6 Julai 2006

Dada Mabruka,

Nimesoma barua yako mara tatu. Nimemuuliza Nayan mbele ya mama, mbele ya picha ya marehemu baba yenye shada la maua. Kwetu hapo hakuna mtu husema uongo. Amesema hakuitoa kwa mashine yangu na kwamba mimi sihusiki hata kidogo. Nikamuuliza basi aliipata wapi. Akasema ameahidi kunyamaza. Nilimtusi mpaka mama akatoka chumbani. Picha ameshaiondoa, siku ile ile aliyoombwa.

Lakini dada, wewe unaijua mashine yangu. Ni ya filamu, ya zamani, haina hata waya wa kuingia kwa kompyuta. Na ile albamu, imepita mikono mingapi tangu Machi? Uliuliza kwao?

Nakuomba uje tunywe chai, tuongee kama watu. Miaka tisa si mchezo.

Ishita

*

Jamhuri Estate
20 Julai 2006

Maimuna, mtoto wa mamangu mdogo,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Mombasa. Unaniuliza kama nimetulia. Sijatulia. Ishita ananiambia niulize albamu ilipita kwa nani. Yaani bibi harusi ajianike mwenyewe kichwa wazi kwa ulimwengu mzima? Au mama yake aliyemzaa? Mtu akishikwa na aibu hutupa maneno popote.

Huyo Nayan nimemsoma blogu yake yote, saa mbili kila siku, hela za saiba zinakwisha. Anaandika Kiswahili, Mhindi yule, na anajivunia. Mara kompyuta, mara Mungu, mara kamera, mara makala aliyoyasoma mtandaoni ya watu wasio na kazi. Kwa bahati mbaya anaandika vizuri, na hilo limenichoma zaidi.

Nimepata njia yake. Amechumbia binti anayeitwa Avni. Babake Avni ni mzee Navnit, mwenye jumba lote lile la Biashara Street, studio ikiwemo. Mzee ni mkubwa wa hekalu lao. Nyama hagusi, na hotuba zake za kuwakataza vijana nyama huchapishwa na kugawiwa. Sasa nikuambie nisichomwambia mtu. Kila Alhamisi adhuhuri nikienda Dagoretti Corner kununua nyama, namwona mzee Navnit amekaa meza ya nyuma ya duka la nyama choma, mikono imelowa mafuta, akila mbavu za mbuzi. Dereva wake humsubiri mbali, upande wa pili wa barabara.

Nimenunua kamera ya dijitali, Maimuna. Na nimejitungia jina: Caren Wangeci, karani wa Kinoo. Usinihubirie.

Mabruka

*

Kutoka: Caren Wangeci
Kwa: Nayan
2 Agosti 2006

Sasa Nayan,

Mimi huitwa Caren, nakaa Kinoo, nafanya kazi ya ofisi hapa katikati ya tao. Nimekuwa nikisoma blogu yako lunch hour badala ya kula. Ile ya kuuliza kama Mungu anaona picha zote hata zile zimefutwa kwa kamera, hiyo ilinikaa kwa roho. Mimi pia nimeanza kupiga picha, kamera ni ya kuazima. Unaweza nifunza? Hata kitu kidogo tu, vile unachagua ya kuweka na ya kuacha.

Msomaji wako,
Caren

*

Kutoka: Nayan
Kwa: Caren Wangeci
9 Agosti 2006

Dada Caren,

Umenifurahisha wiki nzima. Nilidhani siku hizi nasomwa na dada yangu tu, naye husoma ili anicheke.

Kufundisha sijui, ila nitakuambia ninavyowaza. Laini yetu ya simu hapa ni ya polepole, kwa hiyo picha kubwa hushuka mstari kwa mstari, kuanzia juu. Kwanza mbingu, halafu paji la uso, halafu macho. Nimejifunza kungoja sura ya mtu hivyo, nami naona ni adabu nzuri. Siku hizi napunguza picha zikae ndogo kwenye ukurasa. Anayetaka kuiona yote hubonyeza, ikamfungukia kubwa. Juzi nimesoma habari za bwana mmoja wa nchi za baridi anayepiga picha ya dirisha lake kila asubuhi, mwaka wa kumi na moja sasa. Dirisha ni lile lile. Nilikaa kuziangalia mpaka wateja wakaanza kugonga kaunta.

Imani pia. Nikileta kompyuta mpya nyumbani, mama huitia tone jekundu kwenye paji, yaani juu ya kioo, na kuifukizia udi kabla haijawashwa. Zamani nilimcheka. Siku hizi simcheki, maana hata mimi nikibonyeza kitufe cha kuchapisha huwa kuna kitu naomba moyoni.

Kuhusu kuchagua: mwaka huu msomaji mmoja aliniuliza kama picha imeumbwa ionekane au ihifadhiwe. Nikamjibu kwa haraka, kijinga, kwamba isiyoonekana ni kama haijapigwa. Akanitumia yake. Niliiweka, na ikamletea mateso makubwa, yeye na wengine wasio na kosa. Tangu siku hiyo nina sheria moja: siweki picha ya mtu. Vitu tu, na mwanga, na njia. Kwa hiyo ukinitumia yako, isiwe na mtu.

Nayan

*

Kutoka: Caren Wangeci
Kwa: Nayan
8 Septemba 2006

Nayan,

Nimetii sheria yako. Hii nilipiga jana Dagoretti Corner, kwa duka la nyama choma. Ni moshi tu na jua limeingia kwa bati lenye mashimo. Hakuna mtu. Nilingoja karibu saa nzima hiyo jua ifike pale nataka. Kama ni mbaya sema tu, sitalia.

Caren

*

Kutoka: Nayan
Kwa: Caren Wangeci
12 Septemba 2006

Dada Caren,

Mbaya? Nimeiweka asubuhi hii juu kabisa ya ukurasa na jina lako chini yake. Ile miale inayopita katika moshi, kila mmoja na njia yake, mimi nisingeiona hata ningesimama hapo mwaka mzima. Familia yangu haili nyama, kwa hiyo ni kichekesho kidogo kwamba picha nzuri kuliko zote nilizopewa imetoka kwenye jiko la nyama. Mchumba wangu Avni ameipenda. Amesema atamwonyesha babake, ambaye huwa hafungui kompyuta ila kwa ajili yangu.

Tunaoana Januari. Ukikubali, nitakualika, ulete kamera ya kuazima.

Nayan

*

Jamhuri Estate
2 Oktoba 2006

Nayan,

Mimi si Caren. Mimi ni Mabruka, niliyempiga Mahira ile picha. Kinoo sijawahi hata kushuka.

Bila shaka umeshaambiwa nini kimo nyuma ya moshi, ila nataka uambiwe na mimi. Ukibonyeza ikawa kubwa, pale kushoto moshi unaachana kidogo, na mzee Navnit ameshika ubavu kwa mikono miwili, mdomo wazi. Niliingoja saa nzima kweli. Sikuwa nangoja jua. Nilijua utaiona ndogo, na nilijua ukiipenda hutaangalia tena. Sheria yako ndiyo niliyokutegea nayo.

Nasikia Avni ndiye aliyebonyeza, babake amekaa pembeni yake, na wageni wapo. Nasikia uchumba umevunjwa na studio imepewa notisi ya mwezi mmoja ya kuhama. Nimefunga, ni Ramadhani, nami nimecheka peke yangu jikoni mpaka nikakaa chini. Mungu anisamehe kwa kucheka. Kwa lile nililofanya siombi msamaha.

Mzee Navnit alikuwa mahali alipodhani haonekani, kama Mahira. Na wewe ukawaonyesha wote wawili. Hata Caren ulimdanganya, eti msomaji alikutumia. Mwizi hakosi hadithi. Sasa uonje kufungiwa milango.

Mabruka Shamsudin

*

Kutoka: Nayan
Kwa: Mabruka
4 Oktoba 2006

Bi Mabruka,

Barua imefika. Ningekuwa na haki ya kukasirika na nimekasirika, nimevunja hata kikombe. Avni hataki kusikia sauti yangu. Mzee Navnit ameacha uongozi wa hekalu na hatoki nyumbani. Ishita anafungasha mashine ya baba yetu kwenye masanduku ya mbao.

Sikuiba ile picha. Ishita hajui chochote. Niliahidi kunyamaza kuhusu mengine yote, na mtu niliyemwahidi ana zaidi ya kupoteza kuliko mimi. Siwezi kuongeza neno.

Ile ya moshi bado nasema ni nzuri. Blogu nimeifunga.

Nayan

*

South C
30 Oktoba 2006

Kwa bintiangu Mabruka,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu, natumai Idd ilikuwa njema kwako kama ilivyokuwa kwetu. Toka siku ile ya Idd ulipokuja ukanieleza yote, ulivyomtega yule mwizi wa picha na Mungu akamfedhehesha mbele ya watu wake, moyo wangu umetulia. Nilikudhania vibaya na nimekusema vibaya. Nimesimama msikitini mbele ya wale wale wanawake, nikawaambia Mabruka ni msafi na Mhindi ndiye mwizi. Wengi walilia.

Mdogo wake Mahira anapambwa tarehe tisa Disemba, inshallah. Hatutaki mpiga picha mwingine. Na mke wa Sheikh Twaha wa Ngara anauliza kama una nafasi Januari, na wengine wawili nimewapa nambari yako. Usinikatalie, mwanangu, nitajua hujanisamehe.

Mahira anakusalimu, ila tangu nilivyomsimulia habari hizi hana furaha, hali chakula, hasemi. Labda ni mimba.

Wako mama,
Zuwena binti Athman

*

South C
6 Novemba 2006

Dada Mabruka,

Barua hii inaletwa na Naliaka, anayetufulia nguo. Hajui kusoma, na ukishasoma uichome.

Mama alinisimulia akicheka ulivyomfanya Nayan. Nikaenda chooni nikatapika. Si mimba.

Picha ile nilimtumia mimi. Nilikuwa namsoma toka nikiwa karani pale Kimathi Street, kabla ya ndoa. Tulikuwa tukiandikiana kuhusu makala anayosoma, kuhusu dini yake na yangu, sijamwona hata siku moja kwa macho. Abdulrauf si mtu mbaya. Lakini wiki ya pili ya ndoa alichukua albamu niliyopewa na mama akaifungia kabatini na ufunguo akaenda nao kazini, kwa sababu alisema hata mimi sina haja ya kujiangalia. Nilikuwa nimeshachomoa moja. Nilitaka mahali fulani duniani niwe bado nacheka. Hilo ndilo nililofikiri, dada, sikufikiri zaidi. Niliipeleka saiba wakaiskani, yaani wakaiingiza kwenye kompyuta, nikamwambia Nayan aiweke bila jina na asiseme kamwe.

Ilipofumuka, Abdulrauf alisema mke anayejitoa hivyo ni talaka tatu papo hapo, na wote wakasema aliyeitoa hawezi kuwa mke, ni mpiga picha. Nilikaa kimya. Siku moja, halafu mbili, halafu ikawa haiwezekani tena. Kila walipokutukana nilikuwa nakata vitunguu.

Nayan angeweza kujiokoa kwa kusema jina langu. Hajalisema. Ukimwambia mama yangu, nimekwisha. Ukinyamaza, nitakushukuru mpaka kaburini. Sistahili kukuomba chochote na ninakuomba.

Mahira

*

Jamhuri Estate
20 Novemba 2006

Mahira,

Barua yako sikuichoma siku ile. Nilikaa nayo wiki mbili. Jina langu nilikuwa nimerudishiwa, kazi nne zilikuwa zinanisubiri, na nilikuwa nimezipata kwa kumvunja mtu aliyekuwa akilinda siri yako. Nilitaka kuitia barua yako kwenye bahasha nimpelekee mama yako hivyo hivyo ilivyo. Bahasha niliiandika na stempu nikabandika. Ningekuwa nimelipiza kisasi kwa mtu sahihi mara hii.

Halafu nikaenda Biashara Street kumtafuta Ishita. Pale penye studio sasa wanauza mablanketi. Wahome nilimkuta nje, akaniambia wamehamia kwa jamaa zao Kisumu na hawakuacha anwani. Ishita aliniomba niende tunywe chai, nami nikamjibu kwa kumnyang'anya duka la babake. Nilisimama pale mpaka mwenye mablanketi akaniuliza nataka saizi gani.

Basi nikuambie nilichofanya, maana kinakuhusu. Nilienda kwa mzee Navnit nikamwambia aliyempiga picha ni mimi, na kwamba Nayan hakujua kuna mtu ndani yake. Aliniuliza jambo moja tu, kama kuna nakala nyingine. Kuhusu Nayan hakuuliza. Sidhani nimetengeneza kitu. Jana nikaenda kwa mama yako. Nikamwambia Nayan si mwizi, kwamba picha yako nilimpa kwa mkono wangu kwa sababu nilitaka kazi yangu isifiwe, kisha nikamgeuka ili nijisafishe. Aliniamini upesi kuliko nilivyotarajia. Ameniita mchawi, ameniita muuza watoto, na wanawake waliokuwa sebuleni wamesikia. Kazi zote zimekwenda. Nimepata ya kupiga picha za pasipoti huku Dagoretti Corner, watu wamekaa wima, hakuna anayecheka.

Barua yako ndiyo nimeichoma leo. Sasa hakuna ushahidi wowote, usiwe na hofu.

Lakini usinishukuru, na usidhani nimekusamehe. Sikuyafanya haya kwa ajili yako. Nimeyafanya kwa sababu yule kijana alivunjwa akanyamaza, nami sikuweza kuishi nikiwa mdogo kuliko yeye. Wewe nimekubakizia kisasi changu chote. Utanisikia nikitajwa jikoni kwenu, harusini, msibani, kila wanawake wenu watakapotaka mfano wa mtu mbaya, na utakuwa umekaa hapo hapo na neno moja mdomoni. Siku yoyote utaweza kulisema. Nakujua, hutalisema.

Mdogo wako anapambwa tarehe tisa. Nenda, Mahira, ujipambe na wewe, ukae karibu na mama yako.

Mabruka